Mlango wa Uani

"Vua!"

Mbarouk akilitoa neno hilo la kuonya kwamba mvua yaja, hata awe juu kabisa ya mkarafuu na upembo wake wa kuvutia matawi mkononi, nyumba nzima ilichemka. Na nyumba nzima maana yake ni wana watatu wa kiume, kuku saba na jogoo mmoja asiye na adabu, kwani mwenye nyumba hasa, mkewe Mize, alikuwa kaburini mwaka mzima sasa.

Aliyezaliwa mbali na Pemba huenda akashangaa kuona watu wazima na watoto wakikimbizana na wingu kama waliochokoza nyuki. Basi ajue kwamba karafuu hukaa juani siku nne, tano, mpaka zigeuke rangi na kuvunjika kwa ukucha, na mvua moja ya kupita yatosha kuzitia ukungu na weupe. Karafuu iliyorowa haina mwenyewe. Mwaka ule, katika miaka ya thelathini, mikarafuu ya Wawi ilizaa mpaka matawi yakainama, na mvua za vuli nazo hazikuwa na saa. Asubuhi jua kali, adhuhuri gharika.

Kwa hiyo Mbarouk aliwafunza wanawe kama askari. Safari, mkubwa, mwenye miaka kumi na mmoja, kazi yake ilikuwa kukunja ncha za majamvi na kuyaburura mpaka karibu na nyumba. Mwalim, wa kati, wa miaka tisa, huyo alizoa kwa pakacha na kukimbiza ndani. Jaribu, kitinda mimba, ambaye miaka mitano alikuwa ndiyo kwanza ameifikia, alipewa mlango wa uani. Mlango ule ulikuwa mzito, wa mbao za mfenesi, ukifungukia nje, na upepo ukivuma ulijibamiza wenyewe. Jaribu alitakiwa asimame nje, auegemee kwa mgongo usijifunge, mpaka pakacha la mwisho lipite na baba mtu aseme, "Basi, baba, ingia."

Watu mwanzo walicheka, kisha wakasifu. Bi Ghania, jirani yao wa upande wa kisimani, alisema hajapata kuona nyumba isiyo na mwanamke ikaiwahi mvua kuliko nyumba yenye wanawake wanne. Mbarouk alijifanya hakusikia, lakini alisikia, na usiku alipolala alilirudia neno lile moyoni kama mtu anayenyonya kipande cha muwa.

Alikuwa na haki ya kulinyonya, maana mambo mengine yote ya ulezi yalikuwa yamemshinda. Nguo za watoto alizishona kwa sindano ya majamvi, mishono ikawa mipana mpaka kidole kinapita. Wali wake ulikuwa wa majimaji, siku moja Mwalim aliuchota, akautazama ukimchuruzika vidoleni, akauliza, "Baba, huu si tuuanike kwanza?" Safari akacheka mpaka akapaliwa. Jaribu hakucheka wala hakulalamika, alikula mpaka akamaliza. Na pale mtoto huyo alipoamka alfajiri akimtafuta mamake kwa mkono kwenye mkeka, Mbarouk alikohoa akageukia ukutani. Hakupata kubembelezwa yeye, angetoa wapi bembelezo? Kazi aliijua. Alichokijua ndicho alichowapa wanawe.

"Oa," walimwambia watu msikitini. "Mkono mmoja haulei mwana."

"Nitaoa," alijibu kila mara, na kila mara likaishia hapo.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuweza kumjibu kwa neno la kuishia hapo. Mtu huyo ni Bi Mwanawema wa Chokocho, mama yake Mize. Siku ya arobaini, hitima ilipokwisha na watu wakiwa bado wamekaa, Bi Mwanawema alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba maji, kwamba sheria inampa bibi mzaa mama haki ya kumlea mjukuu mpaka afike miaka saba. Wale wawili wakubwa wameipita. Huyu mdogo bado. Shehe aliyesoma hitima akatikisa kichwa kwamba ndivyo.

"Sikupokonyi leo, Baba Safari," alisema. "Nakuachia mpaka karafuu za mwakani. Nitakuja mwenyewe kuona. Nikimkuta analeleka, nitakula wali wako nirudi zangu. Nikimkuta haleleki, nakwenda naye."

Tangu siku hiyo Mbarouk aliishi na hofu moja. Angeweza kuvumilia Safari aende mbali, kwa kuwa Safari alikuwa na mdomo na miguu, na Mwalim naye hakukosa la kusema hata usingizini. Jaribu alikuwa mwengine. Alichukua kimya cha mamake. Alikuwa akikaa karibu na wewe mpaka ukamsahau, kisha ukashusha mkono ukakikuta kichwa chake pale pale. Mbarouk alipofikiria kushusha mkono na kukosa kichwa, aliushusha hapo hapo kukitafuta.

Wiki tatu kabla ya Bi Mwanawema kuja, lilitokea jambo dogo. Mvua ilikuja ghafla, kila mtu akaruka mahali pake, na katikati ya kukimbizana kifaranga kimoja kikapita mbele ya Jaribu kimerowa chapachapa. Mtoto akauacha mlango, akakifuata. Upepo ukaubamiza mlango usoni mwa Mwalim, Mwalim akaenda chini, na pakacha zima la karafuu nyekundu, zilizobakisha jua moja tu, likamwagika topeni. Mbarouk alimpiga Jaribu kofi. Halikuwa kofi kubwa, ila lilikuwa la kwanza.

"Nimesema usiuache mpaka niseme basi!" alifoka. "Mpaka niseme miye! Kusikia?"

"Haya," alijibu Jaribu.

Samaki mkunje angali mbichi, Mbarouk alijiambia baadaye, akiokota karafuu moja moja kutoka kwenye tope. Toka siku hiyo mlango ule haukujifunga tena, mvua ije au isije. Alipoona vile alitosheka.

Habari ya Bi Mwanawema ilifika Jumanne: atakuja Alhamisi, kwa gari la abiria mpaka Chake Chake, apokewe. Siku mbili hizo nyumba ya Mbarouk haikukalika. Uwanja ulifagiliwa mpaka ukabaki mfupa. Majungu yaliparuzwa masizi. Watoto walikogeshwa kisimani kwa kumbi la nazi, Mwalim akapiga kelele kwamba anachunwa ngozi. Jogoo mkorofi alichinjwa, na hakuna aliyemlilia. Alhamisi asubuhi jua lilitoka safi, wakaanika majamvi manne, na Mbarouk akavaa kanzu yake ya Ijumaa.

"Namwendea bibi yenu," aliwaambia. "Nyinyi mnazijua kazi zenu. Nisiaibike."

"Hatukuaibishi, baba," alisema Safari.

Gari lilichelewa. Liliposhusha watu pale Chake, Bi Mwanawema alishuka wa mwisho, mama mfupi, amejifunga kanga mbili juu ya buibui, kapu kichwani ambalo hakukubali kulitoa. Mbarouk alimwamkia akiangalia chini, kama inavyompasa mtu na mkwewe, wakashika njia ya Wawi, yeye mbele kidogo, mama nyuma. Mama aliuliza watoto hawajambo, akajibiwa hawajambo. Aliuliza wanalala vyema, akajibiwa wanalala. Kisha wingu likajikusanya upande wa Pujini, jeusi, na Mbarouk akaanza kutembea kama mtu aliyekanyaga siafu.

Mvua iliwakamata katikati ya njia. Mbarouk alikata jani la mgomba akamfunika mama mkwe, wakaendelea.

"Usihofu, mama," alisema kwa sauti ya kuishinda mvua. "Wanao washazianua saa hizi. Wallahi hutakuta hata moja nje."

"Miye sikuuliza karafuu," alisema Bi Mwanawema.

Walipita kwa nyuma, njia ya mkato, wakatokea uani. Mbarouk akaangaza macho haraka. Majamvi hayapo. Mapakacha hayapo. Uwanja mtupu, maji yanatiririka juu ya mchanga uliofagiliwa, na kweli hapakuwa na hata karafuu moja. Moyo wake ulijaa. Tunasema ukweli wa mtu hapa, kwa hiyo na tuseme: kwa muda wa kufumba na kufumbua, Mbarouk alikuwa baba mwenye fahari kuliko wote kisiwani.

"Na yule nani?" aliuliza Bi Mwanawema.

Jaribu alikuwa amesimama nje, mgongo umeegemea mlango ulio wazi. Maji ya makuti yalikuwa yakimwagika pale pale aliposimama, mfululizo, utosini. Kanzu yake fupi ilikuwa imemganda mwilini, midomo imebadilika rangi, magoti yanagongana. Hakuwa akilia. Alipomwona babake alijinyoosha, akaukandamiza mlango zaidi kwa mabega, ili aonekane vizuri.

"Baba," alisema, meno yakigonga, "mlango sijauacha."

Bi Mwanawema alitupa kapu chini, akamkimbilia, akamvuta mkono. Mtoto hakwenda. Alikuwa ameshikilia ukingo wa ubao kwa vidole vyote, akimtazama babake, anangoja. Mbarouk akasogea, maji ya makuti yakamwagikia na yeye.

"Basi, baba. Ingia."

Vidole vikaachia.

Ndani, Safari na Mwalim walikuwa wamepiga magoti chumbani, wakizitandaza karafuu sakafuni zisilundikane zikapata joto, kama walivyofundishwa. Walipomwona mdogo wao mikononi mwa bibi walisimama.

"Nilimwita, baba," alisema Safari, na uso wake ulikuwa unaanza kuvunjika. "Nilimwita mara mbili. Kasema baba hajasema. Nikasema nizitandaze kwanza, kisha... zilikuwa nyingi, baba."

Mbarouk alikuwa akizitazama zile karafuu, kavu, nzuri, zimetandazwa kwa mikono ya watoto kutoka ukuta mpaka ukuta, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuinama kuvunja moja kwa ukucha.

Alingoja matusi. Bi Mwanawema hakumtukana. Alimvua mtoto nguo, akamkausha, akamfunga kanga yake mwenyewe, akamchua kifua na nyayo kwa mafuta ya nazi ya moto. Jioni homa ikapanda.

Ijumaa jua lilitoka tena kana kwamba halikufanya lolote. Safari akaja mlangoni akauliza, "Baba, tuanike?" Mbarouk alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, mkono juu ya kichwa cha Jaribu, na hakusikia. "Anikeni," alijibu bibi badala yake. "Na wingu likija, kwanza mhesabiane nyinyi, kisha karafuu." Mbarouk hakwenda shambani siku hiyo wala ya pili yake. Karafuu zilizobaki juu ya miti ziliiva zikapasua maua, na hilo lilikuwa jambo ambalo watu wa Wawi walilizungumza kwa miezi.

Siku ya pili, alasiri, mtoto akiwa amelala na jasho jembamba likimtoka, Mbarouk alisema bila kuinua uso:

"Mama, nina neno sijapata kumwambia mtu."

"Liseme."

"Mize kaumwa siku tatu kabla hajaanguka. Watu wote wanajua siku ile alipoanguka asiinuke tena. Miye nilimwona kabla. Tumekaa tunachambua karafuu, naye kashika kichwa kwa mkono mmoja, anachambua kwa mkono mmoja. Nikajua ana homa. Nikamwambia, tulimalize jamvi hili kwanza." Alivuta shuka juu ya kifua cha mtoto. "Yalikuwa majamvi sita, mama."

Bi Mwanawema alikuwa akikunja kitambaa cha maji. Mikono ilisimama.

"Naye kasemaje?"

"Kasema haya."

Nje walisikika Safari na Mwalim wakigombana nani ageuze jamvi lipi. Bi Mwanawema alikaa kwenye ukingo wa kitanda, na Mbarouk akajiandaa kwa lile ambalo alistahili tangu mwaka jana.

"Haya," alirudia yule mama taratibu. "Neno hilo nimemfunza miye." Akakikunja kile kitambaa upya, ingawa kilikuwa kimeshakunjika. "Alikuwa mdogo kama huyu. Nikampa chungu cha uji akishike kidogo, nikageuka kuzungumza na wageni, nikamsahau. Kilikuwa cha moto. Nilipogeuka kakishika vile vile, machozi yanamtoka, viganja vishafura. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Wageni walisema, bibi wee, mwanao ana adabu! Nikavimba kichwa. Na siku nilipomleta kwako, nasaha yangu ilikuwa moja tu. Mumeo akisema, weye sema haya."

Mbarouk alilia. Hakulia siku ya maziko, kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama, wala siku ya arobaini. Alilia sasa, mbele ya mkwewe, jambo ambalo ni aibu kubwa, na wala hakukumbuka kuona aibu.

"Sikuja kukulaumu," alisema Bi Mwanawema. "Ningekulaumu ningeanza na nafsi yangu. Nimekuja kwa sababu ya huyu. Wale wawili wanajua kugomba, hawatapotea. Huyu ni Mize mtupu. Mtoto asiyejua kusema sitaki, Baba Safari, hufa kasimama."

Siku ya nne homa ilishuka. Jaribu alikaa kitako, macho makubwa, shingo nyembamba kama ya kifaranga.

"Utakunywa uji, bibi akupe?" aliuliza Bi Mwanawema.

Mtoto akamtazama babake.

"Au utakula mkate?"

Akamtazama babake tena, akiutafuta usoni mwake mkate au uji, lipi ndilo jibu. Mbarouk aligeuza uso makusudi asimwonyeshe kitu. Mtoto akabaki akisubiri, hajui, na mwisho akasema, "Chochote."

Hapo Mbarouk alikata shauri. Alimfuata mama mkwe jikoni, akasimama mlangoni.

"Mchukue, mama."

Bi Mwanawema aliacha kupuliza moto. Mtu angedhani angefurahi, maana ndilo alilolijia. Hakufurahi.

"Sheria yanipa," alisema. "Lakini una hakika?"

"Nampenda kuliko roho yangu. Lakini kwangu atajifunza kushika mlango tu."

Siku za kuondoka huwa na kazi nyingi ndogo ndogo za kumfanya mtu asifikiri. Mwalim alimpa mdogo wake pia yake ya kuchezea, kisha akaidai, kisha akampa tena. Safari hakuonekana. Mbarouk alimkuta nyuma ya kisima, amekaa na magoti kifuani.

"Ni miye niliyemwacha nje," alisema Safari.

"Amri ilikuwa yangu," alijibu Mbarouk. "Weye uliishika tu." Akamshika kisogo mwanawe na kukitikisa kidogo. Safari alikuja akaaga.

Wakubwa waliachwa kwa Bi Ghania. Watatu walipanda gari la abiria kuelekea kusini, wakashuka njia ya Chokocho, wakatembea. Mbarouk alimbeba Jaribu mabegani na kumpa hesabu ya mambo atakayoyakuta kwa bibi: mbuzi wawili, mashua za watu pwani, samaki wabichi kila siku, wali usio na majimaji. "Na kila Ijumaa ya pili nitakuja kukutazama. Na ukifika miaka saba nakuja kukuchukua. Ni misimu miwili tu ya karafuu. Kusikia?"

"Haya," alisema Jaribu juu ya kichwa chake.

Nyumba ya Bi Mwanawema ilikuwa ndogo, ya udongo, safi, na baraza lake la mbele. Mama alitangulia ndani kuwasha moto. Mbarouk akamshusha mtoto kizingitini, akachutama, akamfunga vizuri kifungo cha kanzu ambacho hakikuwa kimefunguka. Alipoinuka aliona mtoto ameshageuka, ameegemea mlango wa bibi yake kwa mgongo, visigino vimekaza. Amesimama kazini.

Mbarouk alijilazimisha sauti iwe ya kawaida.

"Basi, baba. Ingia."

Jaribu hakutikisika.

"Jaribu. Nimesema basi. Ingia ndani kwa bibi."

Mtoto aliinamisha kichwa. Vidole vilikuwa vimeshika ubao, kama siku ile ya mvua. Akasema kitu ambacho Mbarouk hakukisikia, akainama.

"Umesemaje?"

"Sitaki."

Mazoea ni kitu kibaya. Mkono wa Mbarouk ulijiinua wenyewe, na Jaribu aliuona ukiinuka, akafumba macho, akaingiza kichwa mabegani kungoja kofi. Lakini hakuuachia mlango, na macho yakiwa vile vile yamefumbwa akasema tena, kwa nguvu zaidi, "Sitaki kukaa huku. Nataka kwetu."

Mkono ulishuka. Mbarouk alikaa kwenye baraza. Alikaa na mkewe miaka kumi na miwili. Alijaribu kukumbuka siku moja, moja tu, ambayo Mize alisema anataka hili au hataki lile, na hakuikumbuka.

Bi Mwanawema alitoka na bakuli mkononi.

"Kasema nini?"

"Kasema hataki," alijibu Mbarouk.

"Ntakwambia miye kama kasema." Akaweka bakuli chini, akachutama mbele ya mjukuu wake, uso kwa uso. "Hebu nisemee na miye, nisikie kwa masikio yangu."

Jaribu akafumbua jicho moja. Akamtazama babake, na safari hii hakumtazama kwa kutafuta jibu. Alitazama tu kama bado yupo.

"Sitaki, bibi," alisema. "Wali wako nautaka. Kukaa sitaki."

Bi Mwanawema alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani, na machozi yakawa yanashuka pamoja na kicheko bila ya yeye kuyafuta. Alimkumbatia mtoto pamoja na ubao wa mlango.

"Chukua mwanao, Baba Safari. Haki yangu nakuachia mbele ya Mungu. Ila nitakuja. Kila msimu nitakuja, na siku nitakayomkuta kalisahau neno hilo, naondoka naye na sikuulizi."

Walikula wali mkavu wenye nazi na samaki wa kukaanga. Kipande cha kichwa Jaribu alikisukuma pembeni, akasema hakitaki, na bibi yake akakipokea kama aliyepewa zawadi.

Jua lilikuwa bado juu walipoanza kurudi. Mbarouk alimpandisha mwanawe mabegani kama walivyokuja, na hawakwenda hata hatua mia.

"Sitaki kubebwa," ilisema sauti juu ya kichwa chake.

"Haya," alisema Mbarouk, akamshusha.

Wakatembea mpaka kwenye kijito. Pale Jaribu akasimama, akaitazama njia iliyobaki, ndefu, nyekundu, inapanda.

"Sitaki kutembea."

"Haya," alisema Mbarouk, akachutama ampande.